Viroboto Hawakai Msibani

Mtaani anaitwa Mama Viroboto. Miaka kumi na tisa sasa anachana manyoya ya panya juu ya beseni jeupe maabarani, kisha anawatenga viroboto wao aina kwa aina kwa hadubini. Kiroboto wa paka hamtishi sana. Anayemhofia ni wa panya, ambaye vijidudu vya tauni humziba koo: akinyonya, damu haishuki, anaitapika pale alipouma pamoja na vijidudu, na kwa njaa anaenda kumuuma mwingine.

Mama mkwe wake hagusi chakula anachopika, eti mikono ya panya. Leo kampokea mlangoni kwa bashasha.

"Mkwe wangu, nimekupunguzia kazi! Nimeweka sumu stoo, panya wote chali."

"Lini, mama?"

"Juzi."

Kiroboto hakai kwenye mzoga uliopoa. Huhamia penye damu ya moto.

Mama mkwe aliinama, akajikuna mguu.