Mkwe wa Dirishani

Ni saa mbili asubuhi sokoni Moi's Bridge, na Makokha Walubengo anashona mdomo wa gunia la mahindi kwa mkono wa kushoto. Gunia amelibana kwa magoti. Mkono wa kulia umelala pajani, na kila baada ya mishono mitatu anautupia jicho, kama mtu anayengoja mwenzake aamke.

Zamani alishona magunia sitini kwa siku na bado akabaki na pumzi ya kuwatania wapakiaji. Leo akimaliza tisa, anamshukuru Mungu. Kiharusi kilimwangusha mwaka juzi, akiwa na miaka arobaini na minane.

"Hii mkono si shida sana," anasema. "Shida ilikuwa roho. Nilikuwa nalia tu, ata sijui nalia nini. Mtu mzima, bana."

Hospitalini walimwelekeza kwenye kikundi cha Kitale. Kila Jumatano wagonjwa kumi na mmoja wa kiharusi huketi duara na mshauri nasaha aitwaye Kui, wakasema yaliyo moyoni. Mwanzoni Makokha aliona ni mchezo. Maneno yangenyooshaje vidole? Lakini mwezi haukuisha kabla mkewe, Phelista, hajamsikia akiomba chakula mwenyewe. Akarudia kushona.

Basi Jumatano moja ya Machi mlango ukafunguka, akasukumwa ndani mgonjwa mpya kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa Mama Nakhungu, aliyetoka Bungoma kuja kukaa na mwanawe wa kiume mjini apate matibabu. Kui, mzaliwa wa Nyeri, akamkaribisha kwa bashasha, akamweka kando ya Makokha na kuwaomba wote washikane mikono.

Mama Nakhungu ndiye aliyemzaa Phelista.

Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Makokha hakuwa na kichaka. Alitoka mbio kwa mguu wake mmoja mzima, akaangukia maua ya hospitali. Mama naye alikuwa amejifunika uso kwa leso. Kui akabaki ameduwaa, akidhani wawili hao wana kesi.

Wiki tatu Makokha hakurudi. Sindano ikashika kutu, chakula kikamshinda, na yale machozi yakaanza upya. Kui hufika Kitale Jumatano tu, kwa hiyo hapakuwa na siku nyingine ya kumhamishia. Phelista alipoelezwa alicheka kwanza, kisha akalia, maana hakujua amwombe nani abaki nyumbani, mumewe au mamake.

Mwishowe ni yeye aliyepata njia: mama aketi ndani, Makokha akae verandani, chini ya dirisha. Jumatano hiyo Makokha akasikia sauti ambayo kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa aliisikia kwa mbali tu.

"Mimi nalia na sijui nalia nini," ilisema. "Naogopa watoto wangu watanichoka."

Makokha anakiri kwamba alichanganyikiwa kabisa. Mwiko ulimtaka aondoke hata hapo dirishani, moyo ukakataa. Bila kugeuka akajibu, "Hata mimi, mama." Ndani Mama Nakhungu akaendelea kusema.

Wazee aliowauliza kwao Tongaren hawakumfaa kitu. Mmoja alisema ugonjwa haujui mwiko, mwingine akasema mila haina likizo.

"Sasa mimi sijui nimekosa ama nimepona," anasema, akikata uzi kwa meno.

Mvua zimeanza, na verandani maji yanaingia. Kui amemuuliza kama ataingia ndani au ataacha kuja. Mama mkwe naye ametuma neno kupitia kwa Phelista: asiache, kwa kuwa yeye hapati nguvu ya kusema mpaka amsikie akikohoa pale nje.

"Jumatano nitaingia," anasema Makokha. "Nitageuza kiti niangalie ukuta. Mkono hatutashikana. Lakini akilia, nataka ajue niko karibu."