Perege wa Kijitoni Busi

Nilijifunza kupiga picha za video kazini. Nilikuwa mtunza vifaa vya kufundishia katika chuo kimoja cha serikali pale Dodoma. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, jina langu lilikuwemo kwenye orodha ya kwanza. Nilichukua kiinua mgongo, nikanunua kamera iliyokwisha kutumika kwa mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitu kutoka Dubai, nikaanza kurekodi harusi na kipaimara. Jumamosi nzima nilisimama na kamera begani. Jumapili nililala kama gogo, na mwanangu wa miaka mitano alikuwa ameshazoea kumwendea bibi yake akitaka chochote.

Nilikuwa katika hali hiyo Mwalimu aliponijia nyumbani. Alikuwa mhadhiri kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa samaki, na alibakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa ameniona kwenye harusi ya mpwa wake.

"Wapiga picha wengine wanamsumbua bibi harusi," alisema. "Geuka hivi, cheka kidogo. Wewe unasubiri tu."

"Nasubiri kwa sababu nimechoka, Mwalimu."

Akacheka. "Basi uchovu huo ndio nilioufuata."

Alinieleza alichokuwa akitaka. Perege jike akishataga huyachukua mayai mdomoni. Yanaangulia humohumo, na vifaranga wakianza kutoka kutembea, mama hukaa karibu nao. Wakitishika, yeye hufungua mdomo nao hurudi ndani. Kwa zaidi ya miaka thelathini Mwalimu alikuwa amewachorea wanafunzi jambo hilo kwa chaki. Kabla ya kuondoka alitaka kuwaonyesha samaki mwenyewe, katika maji yake mwenyewe, si ndani ya tangi la maabara. Alikuwa anakijua kijito kimoja huko Busi, wilayani Kondoa, kinachotoka kwenye chemchemi na kubaki safi hata kiangazi.

Kamera yangu haikuwa ya kuingia majini. Fundi wa vioo pale mjini alitutengenezea sanduku la kioo lililo wazi juu, akaziba pembe zake kwa gundi. Kamera ingelala ndani, nami ningelizamisha sanduku nusu, huku nikiinama kuchungulia kwenye kidirisha cha kutazamia cha kamera. Lilionekana jambo rahisi tulipokuwa kibandani kwa fundi.

Tulipanda basi mpaka Kondoa, kisha lori la mnunuzi wa mahindi. Ilikuwa Oktoba, vumbi lilitukaa mpaka kwenye meno. Bibi mmoja mjane alitupokea kwake, mimi, mwanamke mwenzake, nikalala chumbani mwake, Mwalimu akapewa chumba cha nje. Jioni ile alitupakulia ugali wa uwele na mlenda, akatutazama tunavyokula.

"Watu wanasema mnatafuta madini," alisema.

"Hapana, bibi," nikamwambia. "Tunapiga picha za samaki."

"Hawa wa kijitoni?" Alimgeukia Mwalimu kama mtu anayetaka kusikia jibu la mtu mzima mwenzake. "Hao ni miba mitupu. Nyama yao haijazi hata kiganja."

Kesho yake tuligundua kwamba kijito hakikuwa chetu peke yetu. Saa sita ng'ombe walishuka, wakayavuruga maji yakawa kama chai ya maziwa. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mrefu, mpole. Mwalimu alimwamkia, akamweleza haja yetu kwa utaratibu, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe hajui kusubiri picha," alisema. "Ila nitawanyweshea kule chini siku tatu. Ya nne nawarudisha hapa. Kule kuna matope, wananasa."

Siku ya kwanza nilijua sanduku lile lilikuwa adui yangu. Maji yalilisukuma juu. Tuliweka mawe ndani, bado nililazimika kulikandamiza kwa mikono yote miwili, nimepiga magoti kwenye kokoto, maji yakinifika kiunoni. Asubuhi maji ya chemchemi yalikuwa baridi hata meno yakagongana, na mgongoni jua lilichoma. Nilichopata siku ile ni matope, majani, na miguu yangu mwenyewe.

Siku ya pili samaki wadogo wembamba kama sindano walikuja kuligusagusa kioo. Perege walikaa mbali, chini ya mzizi wa mkuyu. Mwalimu alikuwa ukingoni, juu ya jiwe, miguu majini, daftari gotini, akinong'ona. Sogea kushoto. Inua kidogo. Hapana, umezidisha. Tulia. Sauti yake haikuwa kali hata mara moja, nayo haikunyamaza. Jioni ngozi ya nyayo zangu ilikuwa imekunjamana, na kikombe nikashindwa kukishika.

"Mwalimu, mimi nataka kurudi nyumbani," nilimwambia.

Naye alionekana amechakaa. Siku mbili zile alikuwa amekonda usoni. "Kesho moja tu," alisema. "Tukikosa, ni mimi nimekosa."

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, ile minong'ono ilikoma. Niligeuza shingo taratibu. Mwalimu alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, kalamu imemponyoka. Nikarudisha jicho kwenye kidirisha, na perege jike akatoka chini ya mzizi.

Alikuja mpaka karibu na kioo. Sehemu ya chini ya mdomo wake ilikuwa imevimba. Akasimama, akafungua mdomo, na vifaranga wakatoka kama punje zinavyomwagika kutoka kwenye kiganja, wadogo, kama macho tu. Walijikusanya mbele ya uso wake, wakaanza kudonoa ukoga kwenye mawe. Yeye alikuwa akipepea mapezi tu, haendi mbele wala nyuma. Nilibonyeza kitufe, nikainua uso kumtazama moja kwa moja katika maji yale safi, nikasahau magoti.

Ningeweza kumwamsha Mwalimu. Kijiwe kimoja kingetosha, au kukohoa. Nilijiambia samaki watakimbia, na huenda wangekimbia. Lakini hiyo haikuwa sababu yangu. Kwa siku tatu nilikuwa nimeambiwa nitazame wapi, na kabla ya hapo miaka mingi, kazini na kwenye harusi za watu. Nilitaka kitu kimoja nikione bila kuelekezwa. Nikamwacha alale.

Ghafla vifaranga walishtuka. Mama akafungua mdomo, nao wakaingia wote kwa mkupuo, wa mwisho akigongagonga mdomo uliokwisha fungwa mpaka ukafunguliwa tena. Kisha perege akageuka, akarudi mzizini.

Mwalimu aliamka nilipokuwa nikitoka majini. Nilipomwambia, alisimama haraka hata daftari likaanguka. Nilirudisha kaseti nyuma, akainama kwenye kidirisha. Pale picha huonekana ndogo kama stempu, nyeusi na nyeupe. Alitazama vifaranga wakitoka. Kabla hawajarudi mdomoni, betri ikaisha. Ile ya akiba tulikuwa tumeimaliza jana yake.

Alibaki ameinama juu ya kidirisha kilichozimika.

"Rangi yake ilikuwaje?" aliuliza.

Nikamwelezea. Mwili kama majivu yenye rangi ya zeituni kwa mbali, mstari mwekundu mwembamba ukingoni mwa mkia, vifaranga rangi ya mchanga. Aliandika kila neno. Alipomaliza, akauliza tena, "Kwa nini hukuniamsha?"

"Niliogopa wangekimbia."

"Ulifanya vizuri," alisema. Afadhali angenigombeza.

Siku ya nne ng'ombe walirudi kama tulivyokubaliana. Mwalimu alisimama ukingoni muda mrefu akiyatazama yale maji ya kahawia, kisha akamshukuru mzee wa watu, tukaenda kutafuta lori. Njia nzima tulilala juu ya magunia ya mahindi.

Dodoma tuliitazama kaseti sebuleni kwa dada yake Mwalimu, kwenye televisheni ya rangi. Ilikuwa dakika saba. Aliirudia mara tatu. Mara ya tatu akagusa kioo cha televisheni pale vifaranga waliposhtuka.

"Unaona kivuli hiki? Ni mkono wako. Hapa wanakukimbia wewe."

Miezi miwili baadaye nilianza kukojoa damu. Hospitali waliniambia ni kichocho, wakanipa vidonge vilivyonizungusha kichwa siku nzima. Nilikuwa kitandani nilipomwandikia Mwalimu barua, kwanza kumwambia naye akapime, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia ukweli kwamba sikumwamsha kwa sababu sikutaka.

Jibu lilichelewa. Alikuwa amepima, naye alikuwa nacho, ameshatibiwa. Wanafunzi walikuwa wameitazama kaseti mpaka imeanza kukwaruza. Mwishoni aliandika: "Hilo lingine nililijua palepale. Usiliweke moyoni. Hata mimi nilikuwa nimeichoka sauti yangu."

Niliisoma mbele ya mama yangu. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia Mwalimu anatusalimu. Mwaka uliofuata niliuza kamera, nikapata kazi kwenye duka la kutoa fotokopi karibu na stendi, kazi ya kusimama vilevile, ila jioni nilikuwa nyumbani. Mwanangu alichukua muda kunizoea. Mwanzoni akiamka usiku aliita bibi, nami nikaenda hivyohivyo.