Kabla ya Kupiga Windo, Uliza Habari za Nyumbani

Mwanangu, iko siku moja ya Mikumi ambayo nikiikumbuka nashusha macho hata nikiwa peke yangu. Leo nakusimulia kwa sababu nimekuona unavyofungua kompyuta za watu kwa mbwembwe, nami mbwembwe hiyo naijua. Niliwahi kuwa nayo kukuzidi.

Nilitoka Kilosa sina kitu. Mchana nilibeba zege Dar es Salaam, jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma ya kompyuta kwa jasho langu mwenyewe. Niliporudi nilifungua ofisi Mikumi, kando ya barabara kuu, nikaitundika diploma ukutani mahali ambapo kila mteja akikaa kwenye benchi lazima aione. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari. Printa za shule, kompyuta za nyumba za wageni, mashine ambazo wengine walishazikatia tamaa, zote zilipita mikononi mwangu zikapona. Watu wakaniita daktari, nami nikaitika. Sifa zikizidi hulevya, mwanangu, na mlevi hajui kama amelewa.

Siku hiyo alikuja dada yangu mkubwa kutoka Magomeni, pale Kilosa mjini, pamoja na binti yake Mwanaidi. Dada huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Mwanaidi alikuwa amemaliza shule, akajipatia kompyuta ya mtumba na gemu la kuendesha mabasi. Alikuwa akiendesha huku anarekodi, na yeye mwenyewe anatangaza kama konda: "Wa Dumila mjiandae. Mama wa siti ya nyuma, mshike jogoo wako, hajalipa nauli huyo." Ukimsikiliza unacheka mpaka mbavu ziume. Sasa chuo kimoja cha Morogoro kilikuwa kinachukua vijana wachache kuwafundisha bure kazi ya video, na kila mwombaji alitakiwa kutuma video yake kabla ya jioni ile. Vipande karibu vyote Mwanaidi alikwishavirekodi, vimo humo kwenye kompyuta. Kilibaki kipande cha mwisho, na hicho ndicho kilichomshinda. Akicheza bila kurekodi, basi linakwenda vizuri. Akianza kurekodi, muda si mrefu picha inagandaganda. Konda ametangaza kituo, basi bado liko nyuma huko linajikokota.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba. Lete hapa."

Dada naye nilimwamkia juu juu, nikaipokea kompyuta. Wewe unajua desturi yetu. Mtu akifika kutoka safari humrukii kwa kazi. Unamuuliza za safari, za nyumbani, za shamba, mvua imenyesha, wazee wanaendeleaje, naye anajibu taratibu huku akipumua. Mimi nilijiona nimeshapita mambo hayo. Benchi lilikuwa limejaa wateja, nami nilitaka waone daktari anavyofanya kazi.

"Mjomba, samahani, nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Subiri kwanza. Fundi hapa ni nani?"

Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri simu yake akadakia, "Binti, daktari hasimamiwi akiwa kazini. Tulia, mgonjwa wako apasuliwe." Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Nikaanza. Nilipunguza ubora wa picha, nikabadilisha programu ya kurekodi, nikafuta hiki, nikaongeza kile, vyote kwa mkupuo, bila kujaribu hata kimoja peke yake. Picha ikazidi kuganda. Sasa hata kama ningekuwa nimegusa jambo sahihi, nisingelijua, maana nilikwishavuruga kila kitu. Jasho likaanza kunitoka. Watu wanatazama. Nikasema kile ambacho kila fundi wa huku akishindwa hukisema kwa sauti kubwa: "Hii dawa yake moja tu. Napiga windo." Yaani nafuta mfumo wote na kuuweka upya.

Mwanaidi akainuka. "Mjomba, lakini..."

"Lakini nini? Kaa chini, mama."

Akakaa. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkatizi mjomba wake mbele ya watu. Nililijua hilo, mwanangu, na hapo ndipo penye aibu yangu. Heshima aliyonipa niliigeuza kufuli nikamfungia mdomo.

Nikapiga windo. Kisha nikashusha lile gemu upya, kwa mtandao wa kusuasua, mpaka dada akaenda kuswali alasiri msikiti wa jirani akarudi. Gemu likafunguka, tukarekodi. Mwanzoni likaenda vizuri, nikageuka kuwatazama watu. Nilipogeukia skrini tena, basi lilikuwa limeganda katikati ya kona, vilevile kama mwanzo.

Mwanaidi akasema, polepole, "Mjomba, vile vipande vyangu vipo wapi?"

Nilikuwa nimevifuta. Sikuwa nimeuliza kama amevihifadhi mahali pengine. Na badala ya kuomba radhi, ulimi wangu ukajibu, "Ulitakiwa uwe na kopi." Mpaka leo natamani kuumeza ule ulimi.

Dada alinitazama kama zamani nikivunja chombo. "Mdogo wangu," akasema, "tangu tumeshuka kwenye basi hujatuuliza hata za nyumbani."

"Dada, niko kazini."

"Na sisi ndio kazi yenyewe. Au unatutibu bila kutaka kujua tumetoka wapi?"

Wateja wakatazama chini. Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Za nyumbani, dada?"

"Nyumbani wazima. Mpunga wetu wa shamba la Tindiga mwaka huu umekubali, magunia yamejaa mpaka chumbani kwa Mwanaidi. Tunapepeta humo humo ndani kwa ajili ya mvua. Vumbi la pumba limetukausha makoo, wiki nzima tunakohoa tu."

Nikapeleka mkono chini ya kompyuta. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikafungua mfuniko, nikakuta feni imevikwa pumba kama blanketi. Mashine ikizidiwa na joto hupunguza mwendo ili isiungue. Gemu peke yake iliweza kulibeba, lakini kurekodi kulikuwa mzigo wa pili. Nilisafisha kwa brashi, kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai, na basi likateleza bila kukwama.

Mwanaidi alijaribu kurekodi upya. Ila konda hakuwepo tena. Sauti ilikuwa kavu, alitangaza vituo kama anayesoma majina ya marehemu. Jioni ikaingia, hakutuma kitu. "Haina shida, mjomba," aliniambia, akafunga kompyuta. Afadhali angenitukana.

Chuo kile hakijatangaza tena nafasi kama zile. Mwanaidi bado ananiamkia kwa adabu zote, na bado anarekodi. Lakini kompyuta yake ikiharibika humpelekea fundi mwingine.

Basi nisikie, mwanangu. Kuuliza si ujinga, hasa kwa fundi. Mtu akikuletea mashine, muulize habari kwa ukamilifu: inakaa wapi, inalala wapi, tatizo lilianza lini, na siku hizo nyumbani kulikuwa na nini. Mwache amalize, hata akiwa mdogo kwako, na hata kama anaanza na habari za mpunga. Kabla hujagusa lolote, hamishia kazi zake mahali salama, kwa maana mfumo utaurudisha lakini kicheko cha mtu huwezi kukirudisha. Kisha badilisha kitu kimoja, ujaribu, utazame, ndipo uende kwa kingine. Mwenda pole hajikwai. Windo iwe ya mwisho kabisa, na hata hapo uombe ruhusa kwanza. Ukikosea, sema nimekosea papo hapo, kabla ulimi haujatafuta mtu wa kumtwika lawama.

Mungu akujalie mikono yenye subira na masikio mapana kuliko mdomo. Akupe wateja watakaokukabidhi kwa imani vitu wanavyovipenda, na ukiwakosea, akupe moyo wa kuomba radhi mapema, wapate kurudi kwako. Amina.