Siku Nilipomkataza Aikande Kusoma Ramani Yake

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Ni ile ya mbio za ramani kule Old Moshi, nilipomfunga dada yangu miguu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la sita nikabaki na mdogo wangu Aikande na ng'ombe mmoja. Matanga hayajapoa, baba yetu mdogo akasogeza masale hatua nne kuingia kihamba chetu, shamba la urithi. Masale ndiyo mimea yetu ya mpaka. Ukiyang'oa na kuyapanda kwingine yanashika upesi, kana kwamba yalikuwepo tangu enzi za babu. Nilirudi kutoka kukata majani nikakuta mpaka mpya umeshamwagiwa maji. Tangu hapo sikumwamini mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata leo nikinunua nyama natazama mizani kwanza, kisha mkono wa muuzaji, ndipo nyama.

Aikande alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani miaka miwili akichuma kahawa na kutamani kazi ya kuongoza wageni mlimani. Mimi nilikuwa mpagazi, nikimfundisha ramani kwa kuchora na kijiti kwenye majivu ya jikoni. Ndipo likaja tangazo: watu wawili wawili watakimbia kwa kupokezana, na timu itakayoshinda itaingia moja kwa moja kwenye mafunzo ya uongozaji.

Mpangaji wa njia alikuwa mwalimu mstaafu tuliyemwita Meku, kama tunavyowaita wazee wetu. Mpwa wake, Elinami, alikuwa miongoni mwa wakimbiaji. Hapo tu nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi ile Meku alisimama kutoa maelezo, kisanduku cha bati chenye kufuli amekibana kwapani. Ndani mlikuwa na karatasi ya timu ipi imepangiwa njia ipi. Kwa nini kufuli? Na kwa nini, kabla ya kuanza, alimshika Elinami bega na kumnong'oneza? Macho yangu yalikuwa kazini, masikio yakaenda likizo. Maelezo yale sikusikia hata neno moja.

Mimi na Aikande tulikuwa timu moja, nami nilikimbia wa kwanza. Kila kituo kilikuwa na namba yake na kibanio cha kutoboa kadi, kuthibitisha umefika. Baada ya kituo cha pili, mwenzake Elinami akakata kulia, kwenye tambarare ya mashamba ya kahawa. Ramani yangu ikanituma kushoto, kushuka korongoni, kuruka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, kisha kupanda kwa mikono na magoti. Nikaona masale yanasogezwa upya.

Nilirudi nyuma ya yule kijana kwa hatua chache tu, maana hasira nayo ni miguu. Elinami ndiyo kwanza alikuwa anaondoka. Nikamgusa Aikande mkono, naye akachukua ramani yake.

"Usiifuate hiyo," nikamwambia. "Wameipika. Mfuate Elinami popote apitapo."

"Lakini kaka, Meku alisema kila timu—"

"Meku ni mjomba wa nani? Wako au wake? Kimbia!"

Alinitazama kidogo. Mimi ndiye niliyemlea. Akaikunja ramani, akaitia mfukoni, akaondoka.

Nilisimama nikitafuna kucha. Mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi akanitania, "Wewe kijana, hata jua likichomoza utauliza nani kalituma." Sikucheka.

Aikande akatokea msituni wa kwanza, Elinami nyuma yake anachechemea. Vigelegele! Nikamkumbatia. Meku akaichukua kadi yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Binti, kituo cha tatu ulitakiwa upite mashambani. Hapa umetoboa cha korongoni."

Nikaruka. "Ulituwekea njia mbovu ili mpwa wako apite tambarare!"

Meku alifungua kufuli, akaitandaza karatasi mezani, akaniita nisome mwenyewe. Kila timu ilikuwa na njia zote mbili. Iliyoanza na ndefu ya korongoni ilimalizia na fupi ya mashambani, na iliyoanza na fupi ilimalizia na ndefu, ili mwisho wote wawe wamekimbia sawasawa, wala asiwepo wa kumfuata mwenzake bila kusoma. Ile ndefu nilikuwa nimeshaimaliza mimi. Ya Aikande ilikuwa fupi. Alikimbia korongo lisilo lake, na bado akampita Elinami.

"Karatasi hii nilimficha hata huyu," Meku akasema, akimwonyesha mpwa wake. "Bega nilimshika nikimwambia asinisogelee mpaka mbio ziishe. Nawe, mwanangu, asubuhi ulinitazama sana. Nilidhani unasikiliza."

Timu yetu ikaondolewa. Tulipofika nyumbani Aikande akasema jambo moja tu: "Kaka, ulinifundisha kusoma ramani, halafu ukanikataza kuisoma."

Kwetu, anayeomba msamaha hubeba isale, yaani mmea mmoja wa masale, na anayepelekewa hakatai. Nilikata mawili, palepale kwenye mpaka ulioibwa. La kwanza nikampelekea Meku. Alilipokea, akaniuliza kama nimekunywa chai. La pili nikampa Aikande. Majirani walicheka, mkubwa kumpelekea mdogo wake isale! Yeye hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalipanda kando ya mlango. Alingoja miaka mitatu mpaka nafasi nyingine ilipopatikana. Leo anaongoza wageni, na kila akitoka kwenda mlimani analipita.

Sikuambii umwamini kila mtu, mwanangu. Mpaka wetu kweli ulisogezwa, na ukiona udongo mbichi, uliza. Lakini uliza! Swali moja asubuhi ile lingetosha. Mimi nikaona kushuku ndiyo werevu. Kufuli nililolichukia lilikuwa linalinda haki ya dada yangu. Kidonda chako kiuguze mwenyewe, usimfunge mdogo wako macho kwa kitambaa cha kidonda hicho. Na anayekutegemea akianza kusema "lakini," nyamaza, umwache amalize.

Mungu akupe macho ya kuona hila na masikio ya kusikia ukweli. Masale yako yasisogezwe, na asiwepo atakayepotea kwa sababu alikutii.