Mpira Uliopita Miguuni mwa Yung-fu

Ngoma ya Weng Tien-ting ulikuwa unaisikia kabla hujauona uwanja. Bado unatafuta pa kuegesha pikipiki, moshi wa wachoma soseji unakuingia machoni, na tayari inakufikia: mbili nzito, tatu nyepesi, kisha sauti yake mwenyewe, nene na yenye mikwaruzo, ikiita jina la mpigaji anayeingia. Kila mchezaji wa Nyigu, timu ya mji wetu wa Chiayi, alikuwa na wimbo wake, na zote alikuwa nazo kichwani. Sisi wa viti vya nyuma upande wa kushoto tulikuwa watu wake. Akipiga, tunapaza sauti. Akiinua vijiti, tunanyamaza.

Siku za kawaida alikuwa fundi pikipiki. Karakana yake iliangaliana na duka langu la madaftari, na ndiye aliyenifundisha besiboli, maana mimi nilikuwa naona watu wazima wanakimbizana tu. Mtaani alikuwa mtu wa maneno machache. Uwanjani mashetani yake yalipanda.

"We bonge!" alimpigia kelele mrushaji wa Chui wa Kaohsiung, mtu mwenye tumbo kubwa. "Mpira huo unarusha au unapakua? Mama yako kapiga simu, wali unapoa!"

Siku moja yule mrushaji alicheka mpaka akashindwa kurusha. Mwamuzi alitutolea macho, nasi tukazidi.

Mkewe, Su-chu, hakukosa hata mechi moja ya nyumbani. Alikuja na vibakuli vya wali wa bata mzinga, akavigawa mstari mzima. Sheria za mchezo hakuzielewa vizuri mpaka mwisho. Angeuliza, "Sasa yule mbona anatembea, hakimbii?" na Tien-ting angejibu bila kugeuka, "Karushiwa mipira mibovu minne, mama, ana haki ya kutembea. Kula."

Hawakujaaliwa mtoto. Kisha akaja Hsieh Yung-fu.

Alikuwa kijana wa mashambani Madou, mwenye masikio makubwa, anayelinda nafasi ile ngumu kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mwaka wake wa kwanza aliangusha pikipiki, akaileta karakana, na Su-chu akamwona amekonda. Basi. Tangu hapo kila Jumatatu, siku isiyo na mechi, kijana alikula kwao. Aliwaita Baba Mdogo na Mama Mdogo. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Su-chu alishona jina lake mgongoni mwa jezi kwa mkono, ingawa madukani jezi hizo zilijaa, akasema zile za dukani nyuzi zake ni za kudanganyia watu.

Nilimwona Yung-fu akidaka mipira ambayo mtu hukubali kuwa imepita. Alijitupa upande, vumbi likampanda, halafu kutoka katika lile vumbi mpira ukatoka umenyooka mpaka kituo cha kwanza. Su-chu alikuwa akinishika mkono mpaka kucha zinaniingia. "Yule wangu, Dada Hong," aliniambia. "Umemwona?"

Mwaka tulioingia fainali, macho ya Su-chu yaligeuka manjano. Ini. Daktari hakuzunguka sana. Mechi ya sita ilipofika alikuwa wodini, mkono una sindano, na akasema atakwenda.

"Utakwenda wapi na hali hiyo?" Tien-ting alimwuliza.

"Nitakwenda pale ninapokaa siku zote. Wewe tafuta kiti cha magurudumu."

"Daktari amekataa."

"Daktari ni shabiki wa Chui. Nimemwuliza."

Alikwenda. Tulimbeba ngazi zile zote hadi juu, wanaume wanne na kiti chake, na uwanja mzima ulikuwa wa njano na mweusi, rangi zetu, matarumbeta ya plastiki yakipulizwa mpaka kifua kinatetemeka. Alivaa jezi ya Yung-fu juu ya nguo ya hospitali. Hakula kitu. Alishika waya wa uzio uliokuwa mbele ya viti vyetu, akatazama.

Tulishika uongozi wa alama moja mpaka zamu ya nane. Chui walikuwa na watu wawili vituoni, na sisi tulibakiza kumtoa mtu mmoja tu ili zamu yao iishe. Mpigaji wao akaugonga mpira vibaya. Ukaenda chini chini, taratibu, moja kwa moja kwa Yung-fu. Mpira wa namna hiyo hata mimi ningeudaka kwa aproni. Watu walikwisha kuanza kusimama kushangilia.

Yung-fu aliinama, glavu ikagusa ardhi, na mpira ukapita katikati ya miguu yake.

Ngoma ilinyamaza. Sikuwahi kusikia uwanja ule ukiwa kimya namna ile, mpaka nikasikia viatu vya Chui vikikimbia. Wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, alama mbili. Tukafungwa kwa tofauti ya alama moja, Chui wakatimiza ushindi wao wa nne, na ubingwa ukaenda Kaohsiung.

Kisha yakaja matusi. Chupa zikaruka juu ya vichwa vyetu kuelekea uwanjani. Mtu mmoja nyuma yangu, mwalimu wa watu, alimtukana mama yake Yung-fu kwa maneno nisiyoweza kuyarudia. Su-chu akajiinua kwa kuushika uzio. Sijui nguvu alizitoa wapi.

"Nyamazeni!" alifoka. "Nani hapa hajawahi kukosea? Wewe? Wewe?" Halafu akageukia uwanjani. "Yung-fu! Inua kichwa! Mama Mdogo yuko hapa! Inua kichwa, mwanangu!"

Kijana akamsikia. Aliinua kichwa, akamtazama kitambo, akaangalia chini tena, akatoka.

Hakuja hospitali. Tien-ting alimpelekea chakula kwenye bweni la timu, akaambiwa hayupo, akaacha kibakuli kwa mlinzi. Alirudi tena, akakuta kibakuli palepale.

"Ana aibu," Su-chu alisema. Sauti ilikuwa imebaki kama karatasi. "Usimwache peke yake, Ting. Kijana mwenye aibu anaweza kujifanyia jambo baya. Mwambie sina kinyongo."

Su-chu alikufa kabla ya mwaka mpya. Siku ya maziko Yung-fu alitokea, mwanzoni mwa njia ya kuingilia mtaani kwetu. Pale akapiga magoti, akatambaa kwa magoti mpaka mbele ya jeneza, kama anavyotambaa, kwa desturi yetu, mtoto aliyechelewa kumwahi mzazi wake. Suruali ilichanika. Alilia kwa sauti, paji la uso sakafuni, na wanawake wote tukalia naye. Tien-ting alimwinua, akamkumbatia. Wakamvisha Su-chu ile jezi, ikaenda naye kwenye tanuru la kuchomea maiti.

Majirani walisema, tazama, hakuzaa, lakini amepata wa kumtambalia.

Msimu uliofuata ulikuwa haujafika katikati polisi walipovamia bweni asubuhi. Televisheni ya karakana ilikuwa imewashwa, nami nilikuwa nimevuka barabara kuazima pampu. Tuliwaona wachezaji wa Nyigu wakitolewa mmojammoja, wamefunika nyuso kwa mataulo. Yung-fu tulimjua kwa masikio. Mtangazaji akataja mechi ambazo wakubwa wa kamari walizinunua. Akataja ya sita ya fainali.

Tien-ting alikuwa anafunga mnyororo wa pikipiki. Aliendelea kuufunga. Ulipokaa sawa akaufungua, akaufunga upya. Mteja akamwambia, "Fundi, si umeshamaliza?" Akasema, "Bado."

Alikuwa na desturi, baada ya kila mechi, kumwashia mkewe udi na kumsimulia matokeo mbele ya picha yake. Siku zile nilimwuliza kama amemwambia.

"Nimwambie nini?" alisema. "Kamtetea mbele ya watu wote wale. Kaondoka na jina lake mgongoni. Nimwambie avue?"

Yung-fu alipoachiwa kwa dhamana alikuja karakana, mchana kweupe. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikasikia yote, maana Tien-ting hakumkaribisha ndani. Kijana alikuwa amevimba uso, anaongea haraka.

Alisema walimwalika kula, kwenye chumba cha pembeni cha hoteli, na mtu mmoja akaweka bastola mezani kando ya sufuria ya mchuzi, akamtajia nyumba ya mama yake Madou na rangi ya mlango wake.

"Kwa hiyo walikulazimisha," Tien-ting alisema. Nilisikia kitu kama matumaini.

Yung-fu alitikisa kichwa. Angeweza kukubali, na pengine mambo yangeishia pengine. "Mara ya kwanza hawakunilazimisha, Baba Mdogo," alisema. "Mara ya kwanza walinipa saa na pombe. Bastola ilikuja nilipotaka kuacha."

"Mpira ule wa zamu ya nane."

"Ndiyo."

"Su-chu alipokuita, ukamtazama. Ulikuwa unajua umefanya nini."

"Nilijua."

"Na kwenye maziko ulipotambaa?"

"Hilo lilikuwa kweli, Baba Mdogo. Naapa. Hilo lilikuwa kweli."

Tien-ting alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Sasa mimi nitajuaje?" alisema. "Nenda. Wateja wananisubiri."

Karakana ilikuwa tupu. Yung-fu aliinama mpaka chini, akaenda zake. Alifungiwa maisha kucheza. Nasikia ana gari la kusafirisha maboga, huko kwao.

Nyigu ilivunjwa mwaka uleule. Ngoma waliichukua watu wa hekalu, wanaipiga kwenye maandamano ya miungu, na wapigaji wake hawaijui mbili nzito, tatu nyepesi.

Miaka ilipita, timu nyingine ikawa inakuja kucheza mechi chache hapa. Nilimsihi Tien-ting mpaka akachoka, akakubali twende. Viti vimepakwa rangi mpya. Soseji ni zilezile, kitunguu saumu kilekile. Watoto wamevaa kofia, wasichana wanacheza juu ya majukwaa, muziki wa spika unafunika kila kitu. Nikaona vidole vyake vinagonga goti, nikafurahi moyoni.

Kisha mchezaji mmoja mdogo, hata ndevu hana, akaangusha mpira mwepesi. Watu wakaguna, wakacheka, wakampigia makofi kumtia moyo. Vidole vya Tien-ting vikasimama. Alimkazia macho yule kijana, akamfuata alivyochukua mpira, alivyopangusa glavu, alivyoangalia benchi.

"Na huyu?" aliniuliza.

"Kakosea tu, Kaka Ting. Ni mtoto."

"Umemwona alivyoangalia benchi?"

"Kila anayekosea huangalia benchi."

Akageukia uwanja tena. Mipira iliyofuata, ya timu zote mbili, aliitazama hivyohivyo, kila mmoja, uso umekaza kama wa polisi wa forodha. Zamu ya sita akasimama, akaniomba radhi kwa adabu, akasema ataniacha niendelee. Nilibaki na soseji yangu mkononi, nikamwona akishuka ngazi kwa kushikilia ukuta, na watu wakiinua miguu kumpisha bila kuondoa macho uwanjani.