Tuta Lililomsubiri Hakimu

Kwetu Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, ng'ombe wa mtu akila kabichi zako, huvuni wala hupalilii. Unaacha vilevile mpaka wazee waje wasimame shambani, waone, ndipo waamue. Kwa hiyo bomba la kupulizia dawa lilipompasukia mama mgongoni, dawa ikamwingia jichoni, tuta aliloangukia hakuligusa tena.

"Hakimu atakuja kuona," alisema.

Nikamwambia mahakimu wa mjini hawapandi milima kuangalia kabichi. Akanikata jicho, lile moja zima. "Ataamuaje asichokiona?"

Magugu yakafika magotini, majirani wakacheka, naye analizunguka tu tuta lake.

Bomba tulilinunua dukani pale Soni, lakini lilitengenezwa nchi ya mbali, na kampuni ya huko ndiyo tuliyoishtaki. Siku ya shauri wakili wao, kijana mtanashati, alimwamkia mama mlangoni, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha akaingia ndani akamweleza hakimu kwamba kesi hii haifai kusikilizwa hapa: kiwanda kiko kule, mafundi wako kule, mashahidi wako kule. Wala hakusema mama ni mwongo. Hakimu akakubaliana naye. Kesi ikafutwa, tukitaka, tukafungue upya kwenye mahakama za nchi hiyo.

Mama alikuwa amepakata bomba, amelifunga kwenye kanga. Akaninong'oneza, "Mbona hawajaniuliza kitu?"

"Wamemaliza, mama."

"Wanasema mashahidi wako kule. Kwani jicho langu liko wapi?"

Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu anajua. Siku ile hasira yenyewe ilinikimbia, nikakaa kwenye ngazi za mahakama nikalia, watu wakipita. Wakili wetu akasema kule inawezekana, ila kuna viza, kuna nauli, kuna kutafuta wakili wa huko. Jamani! Mama yangu huyu, akifika Mombo tu, hapo chini ya mlima, anaanza kuulizia gari la kurudi.

Tukapanda gari la kurudi mlimani. Tulipofika hakubadili hata nguo za safari. Alichukua jembe, akashuka shambani. Nikamfuata mbio.

"Mama, acha kwanza. Tutakata rufaa."

Alikuwa ameshaanza kulilima tuta lile, akipapasa kwa jembe upande wa jicho bovu.

"Njoo usimame pale mwisho wa tuta, mwanangu," alisema. "Mimi sipaoni."