Kilometa Mia na Sitini za Bi Pasi

Siku Bi Pasi aliposema ataingia mbio za baiskeli za kilometa mia na sitini, chumba kizima cha kufulia kilicheka mpaka mashine zikazidiwa kelele. Na wacheke! Kucheka hakuna kodi. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, akipanda ngazi goti linamlilia, leo anataka kushindana na vijana wenye suruali za kubana? Shoga yake wa kwenye mashine ya kukamua akamwambia kifo hakina haraka hivyo, angekingoja tu kije chenyewe.

Jina la Bi Pasi alilipata hapo hapo kazini. Alipiga pasi mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, la kwanza saa moja asubuhi, la mwisho saa tisa alasiri. Yakitoka leo yamenyooka, keshokutwa yanarudi na damu na dawa, unaanza upya. Shule aliiacha kidato cha pili ili wadogo zake wasome. Akaolewa, akalea wawili, wote wakaondoka na maisha yao. Hakuwahi kuanza kitu kwa ajili yake mwenyewe na kukifikisha mwisho. Alitaka hicho kimoja tu, chenye mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, na mtu wa kuandika kwamba fulani amefika. Wewe unayemcheka, umemaliza nini?

Baiskeli ilikuwa ya mumewe. Huyo mume alikuwa mpakizi wa mizigo ghalani, na kila Jumapili mwendeshaji hodari, wenzake wakimwita Kamanda. Mbio hizo hizo alizimaliza mara tisa. Kisha akaanguka kutoka juu ya lori, nyonga ikavunjika, na tangu hapo anatembelea magongo. Baiskeli ikatundikwa ukutani sebuleni miaka mitatu, na ole wako uiguse.

Kwa hiyo mkewe alipoiomba, alijiandaa kutukanwa. Hakutukanwa. Mume aliitazama baiskeli muda mrefu, akasema iteremshwe. Akashusha siti mpaka ikagota, lakini miguu ya Bi Pasi ikawa bado inaelea. Ikabidi bomba la siti likatwe. Akachukua msumeno wa chuma akakata mwenyewe, asubuhi nzima, jasho likimtiririka, akikataa kusaidiwa. Alipomaliza akasema, haya, sasa ni yako. Bi Pasi alifurahi kama mtoto, akaikumbatia baiskeli. Uso wa mumewe hakuutazama, na alipaswa kuutazama.

Mafunzo yakaanza, na tusimnyime mtu haki yake, mzee yule alijua kufundisha. Alimfundisha kubadilisha tyubu amefumba macho, pale pale kwenye mkeka wa sebuleni. Alimfundisha kunywa kabla ya kiu na kula kabla ya njaa, maana ukisubiri tumbo likuambie umeshachelewa. Kipi kinachowaangusha wageni? Kiherehere, akasema. Wanaondoka kama wanakimbizwa na mbwa, na kilometa ya mia wanakalia jiwe wanalia. Huko kilometa ya mia ukifika baada ya saa sita mchana, lori linakuzoa na baiskeli yako, safari imeishia hapo.

Miezi sita mwanamke akajikaza kisabuni. Siku za kazi alienda na kurudi kwa baiskeli, Jumamosi akatoka alfajiri. Alianguka mara mbili, akachubuka kiwiko. Madereva walimpigia honi, watoto wakamwimbia. Arobaini ikawa sitini, sitini ikawa tisini. Siku alipotimiza mia na ishirini alirudi hawezi hata kukunja vidole, na mumewe akamkanda miguu kwa maji ya moto, akimuuliza ule mlima wa pili aliupanda kwa gia gani. Bi Pasi aliwasimulia wenzake kazini kwamba hajapendwa namna ile tangu aolewe. Kicheko kikapungua. Yule shoga akaanza kumwekea ndizi mbili kila Ijumaa.

Ikabaki fomu. Ilitakiwa sahihi ya daktari, kisha ipelekwe mkononi kwenye ofisi ya waandaaji kabla ya mwisho wa mwezi. Sahihi ilipatikana kwa urahisi, maana madaktari aliwapigia pasi makoti. Ofisi ndiyo ilikuwa shida, inafunguliwa saa za kazi tu. Mumewe akasema lete, nitaipeleka mimi. Kila Jumanne alikwenda kliniki kunyooshwa nyonga, na ofisi ile ilikuwa ng'ambo ya barabara. Baada ya Jumanne ya kwanza Bi Pasi alimuuliza kama imefika. Akajibiwa asiwe na wasiwasi. Hakuuliza tena. Utamuulizaje mara mbili mtu anayekukanda miguu?

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, akaosha baiskeli ikametameta, akaenda kwenye ukumbi kuchukua namba yake ya kifuani. Karani, mwanamke mwenye miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. Akapitisha tena. Hakuna. Bi Pasi akaomba aitafute kwa jina la mume. Hakuna. Hapo akachemka, akasema kwa sauti kwamba ofisi yao ni ya ovyo, wanapoteza karatasi za watu kwa kuwa wamemwona mfua mashuka, na kwamba mumewe aliileta kwa mikono yake, mtu wa magongo, anayetembea kwa tabu. 

"Dada," karani akasema taratibu, "mumeo namjua. Jumanne kadhaa nilimwona kwenye ngazi za ofisi yetu. Mara tatu nilimfungulia mlango, mara tatu akasema anapumzika tu."

Bi Pasi akaomba aandikwe hapo hapo. Haikuwezekana, orodha ya bima ya waendeshaji ilishafungwa. Akatoka anaikokota baiskeli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo ndiyo kazi yake, lakini hata yeye hakukiona.

Alimkuta mumewe amekaa kitandani. Mume hakumuuliza amepata namba ngapi. Aliinua mto akatoa fomu, imekunjwa mara nne, sahihi ya daktari imeanza kufifia kwa jasho.

"Ilikuwaje?" Bi Pasi akauliza. "Kama hukutaka niende, ulinifundisha ya nini?"

"Kufundisha nilitaka," akasema. "Jumamosi ukitoka, na mimi nilikuwa barabarani. Lakini ukimaliza, mke wangu, ukimaliza, basi baiskeli ni yako kweli. Nitabaki na nini?"

Machozi yakamtoka mwanamume. Bi Pasi aliyatazama na hakupata huruma hata ya kujaza kijiko, na hilo likamtisha kuliko fomu. Alijua angesamehe kofi, angesamehe tusi. Lakini miezi sita ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa? Na kibaya zaidi, mafuta yenyewe yalikuwa ya kweli. Alikuwa amemfundisha kwa moyo wote.

Jumapili asubuhi kazi za nyumbani hazikuuliza nani ana uchungu. Mume hawezi kuinama, na Jumapili ndiyo siku ya kumwogesha. Bi Pasi akachemsha maji, akamkalisha kwenye kigoda bafuni, akapiga magoti kumsugua miguu. Waandaaji walikuwa wamepitisha mbio kwenye barabara kuu, nyumba tatu tu kutoka kwao, na saa moja na nusu kelele zikaanza: filimbi, makofi, halafu ule mvumo wa magurudumu mengi yakipita kwa pamoja. Mkono wa Bi Pasi ukasimama na sabuni.

"Funga dirisha," mumewe akasema. "Nakuomba, mama."

Bi Pasi akalisukuma dirisha likafunguka lote.

"Sikiliza na wewe," akamwambia. "Mpaka apite wa mwisho."

Akachovya kitambaa kwenye maji, akaendelea kumwosha miguu.